Saa ya Dereva Kurbanali

Baqir alipomkabidhi ile saa, Sakinabai hakuitazama kwanza. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe kwenye kile kifundo kidogo cha ubavuni, cha kutilia ufunguo, vikakizungusha. Kifundo kikashika. Akasikia meno ya ndani yakikamatana, laini, na springi ikijikaza pole pole. Hapo ndipo alipoinua uso.

"Umeitoa wapi hii, Baqir?"

"Ni ile ya Chacha," Baqir akajibu, akiweka kikombe cha chai mezani. "Alinipa mwenyewe, kwa mkono wake, kabla hali haijawa mbaya. Sikutaka kukuambia wakati ule, Chachi. Ulikuwa na mengi."

"Na ile aliyokuwa akiivaa mpaka anakufa?"

"Ile nilimletea mie, saa ya kawaida tu, nikaitafuta inayofanana. Mgonjwa akikosa kitu alichozoea huhangaika. Bado ipo?"

"Vitu vyake tulivitoa sadaka baada ya arobaini," Sakinabai akasema. "Nadhani ilikwenda na nguo."

Ulikuwa uongo, na ulitoka bila kuitwa. Saa ile ilikuwa chumba cha pili, hatua chache kutoka pale walipokaa, ndani ya droo ya kitanda cha marehemu.

Baqir alikuwa mtoto wa kaka mkubwa wa Kurbanali. Baba yake alipofariki, Kurbanali alimchukua akiwa bado anavaa kaptula, akamlea katika nyumba hii hii ya Kinondoni, akamfundisha kuendesha gari, akamwozesha Shaista. Sakinabai hakujaliwa mtoto. Yule mvulana, aliyemwita Kurbanali Chacha, baba mdogo, na yeye Chachi, mke wa baba mdogo, ndiye Sakinabai aliyemlisha, ndiye aliyemwamsha kwenda shule, na kwa miaka mingi akiulizwa ana watoto wangapi alijibu mmoja. Sasa Baqir alikuwa bwana mkubwa. Alikuwa na yadi yake Mikocheni, kati ya maghala, alikotengeneza magari ya zamani na kuyauza kwa wenye nafasi. Pembeni ya yadi alikuwa na chumba chenye viyoyozi alikouza saa za mkononi za thamani, zile za mbio za magari, ambazo watu wazima huzigombea kama watoto wanavyogombea maembe.

"Kuna bwana mmoja, Audax," Baqir aliendelea. "Wakili, mtu wa Bukoba. Anakusanya saa hizi. Ameiona hii, ameipenda, ila anataka kukuona na wewe. Saa za namna hii zimejaa duniani, Chachi. Lakini iliyokaa ndani ya gari, ikala vumbi, ikapinduka na dereva wake, hizo ni za kuhesabu. Na mjane wake akiwepo akasema naam, ndiyo yenyewe, hapo maswali yamekwisha. Ni Jumamosi, pale yadini. Utakuja?"

Sakinabai aliigeuza saa. Uso wake ulikuwa mweusi, na ndani yake visaa viwili vidogo kama macho. Kuzunguka ukingo kulikuwa na tarakimu za kukokotoa mwendo: dereva anabonyeza kitufe akipita alama ya kwanza, anabonyeza tena akipita ya pili, na mshale unamwambia gari linakwenda kasi gani. Karibu na tisa, ukingo ulikuwa umebonyea. Aliupapasa ule ubonyeo kwa ukucha.

"Nitakuja," akasema, akamrudishia.

Baqir alipoondoka alimbusu mkono. Sakinabai alimsindikiza hadi mlangoni, akamwombea dua ya safari kama kawaida yake, akafunga mlango. Kisha akaenda chooni akatapika.

*

Saa ile ilikuwa imepatikana kwa tope. Kurbanali, enzi za ujana wake, alikuwa dereva wa mashindano ya magari, yale ya kukata nyika na milima siku kadhaa. Masika moja alimkuta Mzungu amenasa kwenye korongo upande wa Iringa, gari limezama hadi milangoni, wenzake wote wanampita. Kurbanali alisimama, akafunga kamba, akamvuta. Alipoteza nafasi yake katika mashindano. Yule Mzungu, ambaye hakuwa na Kiswahili wala Kurbanali hakuwa na lugha yake, alifungua saa mkononi mwake akamfunga yeye. Tangu siku hiyo Kurbanali hakushindana bila saa ile. Aliivaa juu ya mkono wa ovaroli, kwa kuwa dereva hana nafasi ya kupandisha shati, na aliyemfunga kabla ya kila safari alikuwa Sakinabai. Hata gari lilipomviringika Lushoto, saa ikagonga chuma ikabonyea, yeye alitoka akiwa ameishika kama yai.

Asubuhi zote za ndoa yao, baada ya sala ya alfajiri, Kurbanali aliitia ufunguo. Ndipo uzee ukamjia kichwani. Alianza kumwita Sakinabai kwa jina la dada yake aliyekufa. Alitafuta ufunguo wa gari lililouzwa zamani. Alitoka nje na msuli tu kiunoni akitaka kupelekwa kwenye mstari wa kuanzia, kwamba wenzake wameshawasha. Na siku moja, katika hayo yote, aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, "Sakina, hii siyo saa yangu."

"Ni hiyo hiyo, Kurban."

"Haishiki. Naizungusha, haishiki."

Sakinabai alidhani vidole ndivyo visivyoshika. Alimwonyesha ule ubonyeo karibu na tisa, akamwonyesha maandishi yaliyochongwa nyuma yake. Mzee alitikisa kichwa. Kesho yake akasema tena, na keshokutwa. Aliifungua, akaitupa chini ya kitanda, Sakinabai akaiokota akamfunga. Baqir alikuwa akija Ijumaa, anakaa karibu naye, anamshika bega. "Chacha, ndiyo hiyo hiyo," alikuwa akimwambia kwa sauti ya upole. "Mbona unamsumbua Chachi wa watu?" Mzee alimtazama tu, machozi yanamtoka, hana maneno ya kujitetea. Kwa maana ukishaambiwa umerukwa na akili, hata ukweli wako ni dalili.

Mwezi wa mwisho, asubuhi moja ambayo Sakinabai hakuwa amelala, Kurbanali aliivuta tena ile saa mkononi akilia kuwa ameibiwa. Sakinabai alimpiga kofi mkononi. Halikuwa kofi kubwa. Lakini mzee alinyamaza, akanyoosha mkono mwenyewe afungwe, na hakusema tena habari ya saa hadi alipokata roho.

Mkono ule ulionyooshwa ndio uliomtapisha.

*

Tunu alifika kesho yake kutoka Kunduchi na samaki wake ndani ya kikapu, kama kila siku. Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane pia. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ile tangu Kurbanali alipoanza kuugua, na ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Alimkuta Sakinabai ameketi jikoni, ile saa ya droo iko mbele yake juu ya meza, na jiko halijawashwa.

Sakinabai alimweleza. Tunu alisikiliza huku mikono ikinuka samaki, na maelezo yalipokwisha akavuta kigoda akakaa.

"Si nilikwambiaga, mama? Nilikwambia huyu mzee mambo mengine anakosea, ila la saa hakosei. Ukaniambia nikapike uji."

"Ulisema."

"Haya. Sasa tumpeleke polisi."

"Nikawaambie nini? Mwanangu ana saa ya baba yake?"

"Basi wazee wa jamaa yenu, pale msikitini."

"Watamwita, watanikalisha upande huu na yeye upande ule. Atalia. Analia vizuri, tangu mdogo. Kisha watasoma dua, watatushikanisha mikono, tutakula biriani." Sakinabai aliitazama saa. "Watanisuluhisha, Tunu. Mie sitaki kusuluhishwa."

"Unataka nini?"

Sakinabai alifikiri kidogo, kisha akajibu taratibu, kama anayeagiza kitu dukani na hataki aletewe kingine.

"Nataka asimame mbele ya watu aseme kweli, na asiaminiwe."

Mpango wenyewe haukuwa mgumu. Alimpigia Baqir akamwambia amefikiria: kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimfunga Kurbanali saa kabla ya mbio, basi Jumamosi amfunge huyo mnunuzi kwa mkono wake mwenyewe. Baqir alifurahi hadi sauti ikapanda. Alisema ataleta mpiga picha. Sakinabai akamuuliza, kwa sauti ya bibi anayependa kujua mambo, kama Audax ameshaikagua vizuri, asije akanung'unika baadaye.

"Ameikagua wiki mbili, Chachi. Ameifungua ndani, ameiona kila kitu. Alichoniuliza ni kimoja: kama kuna nakala yake popote. Watu hawa wanaogopa nakala kuliko ukoma. Nikamwapia hakuna, haijapata kuwepo."

"Umemwapia?"

"Kwa kaburi la Chacha."

Sakinabai alikata simu, akakaa nayo mapajani muda mrefu.

Saa ya Baqir ilikuwa na mkanda mpya, mweusi, wa matundu matundu mtindo wa madereva. Tunu alikwenda Kariakoo akaupata wa namna hiyo hiyo kwenye vibanda vya mafundi, wakaubadilisha kwenye ile ya droo. Zilizobaki zilikuwa siku za mazoezi. Tunu alikaa kwenye kiti akiwa Audax, mkono ameunyoosha, wakati mwingine anakuna mguu. Sakinabai alipokea kijaluba cha mbao, akatoa saa, akaifuta kioo kwa kitambaa cha mkono, akajifuta macho, akarudisha kitambaa kwenye mkoba, akakitoa tena. Kilichoingia na kitambaa hakikuwa kilichotoka nacho.

"Mkono unakutetemeka, mama," Tunu akasema.

"Wacha utetemeke. Mkono wa mzee ukitetemeka watu hutazama pembeni."

*

Jumamosi alasiri yadi ilikuwa imefagiwa na kumwagiwa maji. Magari ya kale yalipangwa mstari, vioo vinang'aa, na katikati kulikuwa na lile gari jeupe la Kurbanali, ambalo Baqir alilitafuta akalinunua kwa watu wa Tanga akalirudishia namba yake ya mashindano mlangoni. Walikuwepo wateja wake, wenye saa zao mikononi, wanaonyeshana kama wanawake wanavyoonyeshana hina. Shaista alikuwa anagawa kababu na juisi ya ukwaju. Alimkimbilia Sakinabai, akamkumbatia, akamtafutia kiti chenye mto.

"Umependeza, Chachi," akamwambia. "Chacha angekuwepo leo."

Sakinabai alimshika shavu. Shaista hakujua lolote. Hilo alikuwa na hakika nalo, na alikuwa ameshaliweka pembeni.

Audax alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi za mapema na shati la kitenge. Alikuja akainama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mie nilikuwa mtoto mdogo tu, baba yangu alikuwa mwalimu huko Iringa. Mzee alipita barabara ya shule yetu. Tulikaa juu ya kichuguu tangu alfajiri tukimsubiri. Alipita, vumbi likatufunika, tukapiga kelele mpaka jioni." Alicheka kidogo kwa aibu. "Sikununua saa, mama. Nimenunua vumbi lile."

Maneno hayo yalimgusa Sakinabai mahali ambapo hakutaka kuguswa siku ile. Kwa kitambo alifikiri kumwambia kila kitu pale pale, masikioni. Kisha akamwona Baqir nyuma yake, amevaa suti, anamwelekeza mpiga picha wapi asimame.

Baqir alizungumza. Alisema saa ni moyo wa dereva, na ya kwamba baba yake mdogo alimwita kitandani, akiwa na akili zake timamu, akamwambia, mwanangu, ishike hii. Sauti ilimkatika hapo, na watu wakaguswa. Kisha akaleta kijaluba akakiweka mbele ya Chachi wake.

Sakinabai alitoa saa. Mkono ulitetemeka kweli. Alitoa kitambaa, akafuta kioo, akafuta macho, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza. Kama alivyosema, watu walitazama pembeni, wengine wakainamisha vichwa. Kitambaa kiliingia mkobani kikatoka. Akamvuta Audax mkono, akamfunga juu ya mkono wa shati, mahali pale pale alipomfunga mumewe, akakaza mkanda tundu la tatu. Mpiga picha akapiga. Watu wakapiga makofi.

Audax aliitazama saa, akiendelea kutabasamu. Akaupeleka mkono juu na chini, kama mtu anayepima nyanya. Tabasamu likapungua. Akaisogeza sikioni. Kisha akashika kile kifundo cha ubavuni akakizungusha, akakizungusha tena.

"Bwana Baqir," akasema kwa utulivu. "Njoo kidogo."

Makofi yalikuwa bado hayajaisha. Baqir alikuja, akaitazama, akaivuta karibu na macho. Sakinabai aliuona uso wake ukibadilika kutoka ndani kuja nje, kama maziwa yanapokatika.

"Hii siyo," Baqir akasema.

"Siyo nini?"

"Siyo saa yangu. Hii siyo saa yenyewe."

Makofi yakakatika. Shaista alisimama na sinia mkononi.

"Umeileta wewe," Audax akasema. "Umeitoa kwenye kabati lako mbele yetu."

"Nakwambia siyo hii. Mshale huu unaruka, inatumia betri hii." Baqir alipapasa kijaluba, akakigeuza, akainama chini ya meza. Alipoinuka macho yake yalikutana na ya Sakinabai, na hapo akajua. "Ameibadilisha. Chachi ameibadilisha."

Watu walimtazama yule bibi kizee mwenye ushungi mweupe, mkoba mapajani, kitambaa kimelowa mkononi. Mmoja wao akaguna kwa aibu.

"Ameibadilisha na nini?" Audax akauliza.

"Na hiyo. Alikuwa nayo. Alikuwa nayo nyumbani."

"Aliipata wapi?"

Baqir alifungua mdomo. Sakinabai alimwona akilitafuta jibu, akiligeuza huku na huku, na kila upande alioligeuza ulikuwa na jina lake. Aliyeitengeneza nakala ni nani? Aliyemvisha mgonjwa ni nani? Aliyeapa haipo ni nani?

"Uliniapia," Audax akasema. "Kwa kaburi la mzee."

"Bwana Audax, nisikilize, ile ya kweli ipo, umeiona kwa macho yako..."

"Niliyoiona wiki ile, na uliyonikabidhi leo. Hicho ndicho ninachokielewa."

Baqir alimgeukia Sakinabai. Jasho lilikuwa limemshika shingoni. "Chachi, waambie. Tafadhali. Waambie kuna mbili."

Sakinabai aliinuka, akaegemea meza, akamshika bega kama yeye alivyokuwa akimshika mzee zile Ijumaa.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu," akasema kwa upole. "Umechoka tu. Mbona unawasumbua watu?"

Baqir alirudi nyuma hatua moja. Sakinabai aliyaangalia macho yake yakijaa, mdomo unataka kusema na hauna pa kuanzia, na hakuona huruma ndani ya moyo wake. Alitafuta, hakuona. Audax alifungua mkanda, akaiweka saa mezani taratibu, akamuaga Shaista kwa adabu, akaenda kwenye gari lake. Wateja wengine walianza kuondoka mmoja mmoja. Kabla ya kufika getini, wawili walikuwa wameshafungua saa zao mikononi, wanazitazama nyuma na mbele kwenye mwanga wa jua.

*

Baqir alikuja Kinondoni siku ya pili yake. Hakugonga, alikuwa na ufunguo tangu utoto. Macho yalikuwa mekundu.

"Wanarudisha," akasema. "Kila niliyemuuzia anarudisha, hata za kweli. Hakuna anayenisikiliza. Nipe ile saa nimpelekee Audax aione tu. Sitaiuza, nitakurudishia."

"Kaa," Sakinabai akamwambia.

Alikaa. Na akaanza kueleza, jinsi yadi ilivyokuwa imembana wakati ule, jinsi alivyodhani mzee hatajua, hajui hata jina la mkewe, atajua saa? Kwamba alikusudia kuirudisha. Kwamba mwisho wa yote ni chuma tu na kioo, na je, si yeye aliyekuwa akimpeleka Chacha kwa daktari, si yeye aliyembeba ngazini?

"Ulimbeba," Sakinabai akakubali. "Na uliketi karibu naye, ukamwona analia kwa jambo ambalo wewe peke yako duniani ulijua ni kweli. Ukaniangalia nikimfunga. Mwezi baada ya mwezi. Ulikuwa unakula sambusa zangu, Baqir."

Baqir akawa anazungusha ufunguo wa nyumba vidoleni.

"Nitakwambia kitu, kisha uondoke. Kabla hajaugua, Kurban aliniambia, nikifa, saa mpe Baqir. Hana mwingine. Ile niliyoikuta mkononi mwake niliiosha, nikaifunga kwa kitambaa, nikaiweka kwenye droo. Ilikuwa yako. Nilikuwa nasitasita tu kuachana nayo, nikasema nitakupa siku ya Idi." Alisimama. "Ungengoja, ungepewa. Sasa weka ufunguo wangu mezani."

Baqir aliuweka. Alijikongoja mpaka nje kama aliyepigwa, na kwa kweli ndicho Sakinabai alichokuwa amekusudia. Alikuwa amelihifadhi neno lile tangu siku ya kwanza, akijua ndilo lenye makali kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la kweli.

Audax naye alikuja, wiki ile ile. Yeye Sakinabai hakumficha. Alimkaribisha chai, akamwekea saa ya kweli mezani, akamsimulia toka mwanzo hadi lile kofi la mkononi. Wakili alisikiliza bila kukatiza.

"Ungeniambia tu, mama. Ningemshitaki."

"Ungemshitaki, angetafuta wakili kama wewe."

"Ulinitumia," Audax akasema.

"Nilikutumia, mwanangu. Ulikuja na vumbi la utoto wako, nami nikalifanya mtego. Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Aliomba tena kuinunua. Sakinabai alikataa, akamwambia aje aitazame siku yoyote anayotaka, na aitie ufunguo mwenyewe, vidole vyake yeye vimeanza kuchoka. Audax aliishika muda mrefu, akaupapasa ule ubonyeo kwa kidole gumba. Aliondoka bila kuahidi kwamba atarudi.

Yadi ya Mikocheni ilifungwa kabla ya Ramadhani. Ndugu waligawanyika. Wapo waliosema mjane amefanya sawa, na wapo waliosema mama halipi kisasi kwa mtoto, na msikitini wanawake walianza kuchagua pa kukaa. Tunu aliyasikia yote njiani na kumletea pamoja na samaki, na Sakinabai aliyasikiliza yote bila kutaka kujua nani kasema nini.

Mtu wa mwisho kuja alikuwa Shaista. Alikuja adhuhuri, na sufuria kubwa la biriani alilokuwa ameliazima tangu Idi iliyopita. Aliliweka jikoni, akabaki amesimama.

"Tunahamia Mwanza," akasema. "Kaka yangu ana duka huko. Baqir hatoki chumbani, hali chakula. Usiku anaamka anazungumza peke yake."

"Pole, mwanangu."

"Alichofanya ni kibaya, Chachi. Ameniambia mwenyewe, sijamtetea. Lakini nataka kukuuliza. Ungeweza kuichukua saa yako kimya kimya, ukamaliza. Kwa nini mbele ya watu? Mbele yangu?"

Sakinabai alitazama mikono yake. Angeweza kusema kwa ajili ya haki, au kwa ajili ya marehemu, na Shaista angekubali, kwa kuwa alikuwa amekuja akitaka kupewa kitu cha kukubali.

"Nilitaka aumie," akasema. "Nawe ulikuwa karibu."

Shaista alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo hawezi. Akajitanda ushungi.

"Watoto wetu watakuulizia."

"Waambie nimesafiri."

"Nitawaambia kweli. Nyumba yetu imechoka na mambo hayo mengine."

"Basi waambie kweli."

Hakumbusu mkono. Sakinabai alisikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha lango, kisha gari. Watoto wale wawili walikuwa wakija kila Ijumaa kula tambi zake, mdogo akiwa bado hajui kumwita "Dadi", bibi, akalitamka vizuri, na hawatakuja tena. Alilijua hilo tangu alipokuwa akifanya mazoezi na kitambaa pale jikoni. Alikuwa amelipima akalibeba.

Alimwambia Tunu amletee chakula. Alikula wali wote na kichwa cha samaki, akanawa, akasali, akajilaza upande wake wa kitanda, mlango wazi. Tangu Kurbanali afe alikuwa akilala vipande vipande, anashtuka, anapapasa shuka. Mchana ule usingizi ulimchukua mara moja, mzito, bila ndoto, na Tunu alipokuja kumwamsha alasiri alimkuta anakoroma, akamwacha.